Mwizi Aliyeomba Ruhusa

Kifuniko cha kauri kiligusa mdomo wa kijungu chake gizani: ting. Mara moja tu, taratibu, kama mama anayefunika uji asimwamshe mtoto.

Ilinca aliisikia akiwa jikoni, mikono imezama kwenye unga wa mikate ya kesho. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, mvua inapiga vigae, na umeme ulikuwa umekatika dakika chache zilizopita. Aligeuza shingo kuelekea sebuleni, kwenye madhabahu ya mababu wa mwenye nyumba wake, Bibi Nhan. Akaona nukta moja nyekundu ya udi unaowaka. Bibi amesharudi kutoka kusali pagoda, akajisemea, na akaendelea kukanda. Bintiye Sorina, wa miaka minne, alikuwa chini ya meza akihesabu maharage kwa kuyapapasa.

Umeme uliporudi, sebule ilikuwa tupu.

Bibi Nhan aliingia kama robo saa baadaye, anakung'uta mwavuli na kupenga kamasi. Mafua hayakuwa yamemwacha tangu maji ya mafuriko yashuke. Alikwenda moja kwa moja madhabahuni, akasimama.

"Ilinca," aliita bila kupaza sauti. "Njoo hapa."

Chetezo cha udi, kile cha kauri ya buluu, kilikuwa kimesogea upana wa kidole. Alama yake ya zamani ilionekana kwenye mbao kama mwezi mchanga. Nyuma yake kijungu, alipokifunua, kilikuwa kitupu. Bangili ya jiwe la kijani, ya marehemu mama yake Bibi Nhan, haikuwamo.

Ilinca aliinama kutazama. Harufu ya tangawizi ikampita puani. Aliangalia vidole vyake: unga tu.

"Nilidhani ni wewe, bibi. Niliona udi unawaka."

"Mimi nimetoka pagoda sasa hivi, unaniona nimelowa." Bibi Nhan aliketi. "Chetezo cha wazee hakisogezwi. Ni mara moja kwa mwaka, kabla ya Tet, mwaka mpya wetu, tena kwa kuomba. Mwizi wa kwetu angeng'oa hata mlango, lakini hapo asingeweka mkono. Aliyefanya hivi ni mtu asiyejua kinachogusika na kisichogusika."

Hakutaja jina. Kichochoro kizima, pale mjini Hue, kilikuwa na mgeni mmoja tu.

Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Sorina azaliwe katika mji ule, Bibi Nhan alipakua wali kwenye bakuli moja, akala peke yake.

"Huwa ziko tatu," Sorina alinong'ona.

"Kula mkate, mwanangu," Ilinca alisema.

Asubuhi alikuja Afande Hao wa kituo cha kata, koti la mvua likichuruzika. Bibi Nhan alimwambia anachotaka: Jumamosi ni siku ya kumbukumbu ya kifo cha mama, jamaa wote wanakuja, na kabla ya hapo jina la Ilinca liwe limefutwa katika orodha ya wakazi wa nyumba hii.

Ilinca alijua maana yake. Bila anwani, Sorina hana chekechea. Na baba yake Sorina, aliyekuwa melini hadi baada ya Tet, angerudi kubisha mlango usio wao. Nyumba nyingine wangepata wapi, na habari ya mgeni mwizi ingekuwa imeshazunguka soko zima?

Alimfuata afande hadi barazani.

"Afande, nipe hadi Ijumaa."

"Wewe ni muoka mikate, dada. Unataka kunipokonya kazi?"

"Nataka kukaa ninapokaa. Nisikilize. Tet iliyopita mimi ndiye niliyemshikia bibi beseni. Alikifuta chetezo kwa pombe ya mchele iliyolowekwa tangawizi, baada ya kuwasha udi mmoja na kuomba. Jana niliona udi mmoja. Na chetezo kinanuka tangawizi. Bibi hawezi kunusa, ana mafua. Nenda ukanuse mwenyewe."

Hao alikwenda. Aliporudi alikuwa anakuna kidevu.

"Kinanuka."

"Mwizi aliomba ruhusa," Ilinca alisema. "Akaja na chupa yake. Ya bibi iko kabatini jikoni, na jikoni nilikuwa mimi."

"Na wewe unaijua hiyo desturi, umesema mwenyewe. Huenda umefanya makusudi ili tumtafute mwingine."

"Ningefanya makusudi ningesema jana ile ile, mbele ya bibi, tena kwa sauti. Nimekwambia wewe peke yako. Kaa na neno hili la tangawizi, tuone nani mwingine analijua."

Afande alicheka kidogo. "Nani alikufundisha ubishi huu?"

"Bibi Nhan."

Walianza kwa jirani, Mzee Tinh, fundi wa feni, ambaye yeye na Bibi Nhan walikuwa hawasalimiani tangu wagombane juu ya mfereji wa maji ya mvua. Alikuwa amekaa mlangoni anachua goti lake, na barazani kote kulinuka tangawizi.

"Hiyo ni nini, mzee?" Hao aliuliza.

"Goti hili, afande. Likisikia mvua linalia kuliko mke wangu."

Ilinca aliomba chupa, akainusa. Tangawizi ilikuwemo, lakini imechanganywa na mafuta makali ya majani, yale wanayopakwa watoto wachanga kifuani. Kwenye chetezo hakukuwa na mafuta. Akatikisa kichwa.

"Jana umeme ulipokatika ulikuwa wapi?"

"Umeme upi? Nilikuwa natazama mpira hadi mwisho, na tulifungwa vizuri tu, wala giza halikutusaidia." Alinyoosha kidole ukutani kwa Bibi Nhan, chini ya ukingo wa paa, karibu na mtungi wa maji. "Kama kwenu ulikatika, mtu ameshusha ile swichi kubwa. Ipo nje, hata kuku anaifikia. Na kabla hujaniuliza, afande: mimi ni Mkatoliki. Madhabahu ya yule mama siijui hata ina nini juu yake."

Mwisho wa kichochoro aliishi Bi Luu, mdogo wake Bibi Nhan, aliyeuza vikeki vya mchele vya mvuke visivyo na nyama. Aliwakaribisha, akamjazia Sorina visahani vitatu.

"Maskini dada yangu," alisema. "Na wewe, binti, pole. Mgeni siku zote ndiye wa kwanza kutazamwa."

"Jana jioni ulikuwa wapi, bibi mdogo?" Ilinca aliuliza.

"Hapa hapa, jikoni kwangu. Umeme ukakatika nikawasha mshumaa, nikaendelea na mvuke wangu."

Ilinca na Hao hawakutazamana. Njiani ndipo afande alipofungua mdomo.

"Haitoshi. Atasema alichanganya siku. Mtu mzima, mcha Mungu, nitamvuta kwa mshumaa?"

"Usimvute," Ilinca alisema. "Njoo tu Ijumaa mchana."

Maana Bibi Nhan alikuwa ameshatangaza: chetezo kilichoguswa na mkono usioomba hakiwezi kupokea udi wa kumbukumbu ya mama. Ijumaa kingepelekwa mtoni, na kipya kingewekwa.

Ijumaa saa nane mchana mvua ilikuwa imetulia. Viatu vya Ilinca na vya Sorina vilikuwa nje ya geti, juu ya mabegi mawili yaliyofungwa. Sebuleni Bibi Nhan alikuwa ametandika kitambaa chekundu. Bi Luu alisimama pembeni yake, mikono kifuani. Afande Hao aliegemea nguzo.

"Mama alikinunua mwaka aliozaliwa Luu," Bibi Nhan alisema, akakishika chetezo kwa mikono miwili. "Sasa kimechafuliwa."

"Dada, ngoja."

"Ningoje nini? Umeona mwenyewe."

"Usikitupe mtoni." Sauti ya Bi Luu ilikuwa nyembamba. "Majivu ya udi aliowashiwa mama yake mama yamo humo. Hakina uchafu. Kimeombewa, kimefutwa kwa tangawizi, kwa kitambaa kipya. Hakina kosa lolote."

Bibi Nhan alikirudisha chetezo mezani polepole.

"Bibi mdogo," Ilinca alisema, "habari ya tangawizi tunaijua watatu. Mimi, afande, na aliyekifuta. Bibi Nhan hajaambiwa."

Bi Luu alishusha mikono kutoka kifuani.

"Na umeme ulikatika nyumba hii peke yake," Hao aliongeza. "Wewe ulidai kwako kulikuwa giza. Giza lile lilikuwa hapa."

Bi Luu alikunja mkono wa kanzu yake. Bangili ilikuwa juu, karibu na kiwiko, imembana nyama.

"Miaka tisa nilimwosha mama," alisema, akimtazama dada yake tu. "Nikimwosha mikono, alikuwa anaivua ananivisha, anasema hii yako. Alipokufa ukaifungia kwenye kijungu. Na kesho ulikuwa unampa mkamwana wako aende nayo Saigon. Mtu aliyemwona mama mara mbili."

"Ungeniomba."

"Nilikuomba kila Tet, dada. Ulikuwa unaniambia kitu cha thamani hukaa kwa mkubwa. Basi nikamwomba mama mwenyewe."

Ilinca alisogea mbele ya Bi Luu.

"Na mimi? Uliona wanafunga mabegi yangu. Ulimpa mwanangu vikeki."

Bi Luu aliinamisha kichwa. "Nilijisemea wewe una kwenu. Utaondoka tu, utafika kwenu. Mimi sina kwingine."

"Huyu amezaliwa hospitali ya hapa. Kwao ni hapa."

Bibi Nhan aliinua mkono. "Afande, nenda nyumbani. Haya ni mambo ya dada na mdogo wake."

"Bangili ni yenu, malizaneni," Ilinca alisema. "Jina ni langu. Kichochoro kizima kinalijua kuwa ni la mwizi. Nataka lisafishwe hapa, mbele ya afande, na yeye alisikie kwa masikio yake."

Bibi Nhan akamgeukia mdogo wake, akamwashiria kwa kidevu aseme.

"Ilinca hakuchukua kitu," Bi Luu alisema. "Nilichukua mimi."

"Na atabaki katika orodha ya wakazi wa nyumba hii," Bibi Nhan alimalizia, akipenga kamasi. "Umesikia, afande?"

Hao alisema amesikia. Alipotoka aliviokota viatu getini, akaviingiza ndani.

Hakuna aliyeomba radhi kwa maneno. Bibi Nhan alikiweka chetezo juu ya alama yake, akakirekebisha hadi mwezi ule mchanga ukafunikwa. Kijungu hakukigusa. Bangili ilibaki kwenye mkono wa Bi Luu, imeshuka sasa hadi kifundoni, na aliosha mboga nayo bila kuificha. Ilinca alifungua mabegi, akawasha tanuri.

Jua lilipozama Bibi Nhan aliandaa meza mwenyewe. Sorina alipanda kwenye kiti, akapita na kidole chake juu ya kila bakuli, midomo ikicheza.

"Mama, leo ziko nne."