Mkilua Uliochanua Julai

Mwezi wa Julai, Maskati, bustani hulala. Waridi huungua kingo za majani, asumini hujikunja, na wapenda maua huhamishia vyungu vyao kivulini wakamwomba Mungu baridi irudi. Kwa hivyo asubuhi ya Ijumaa moja, Bi Mahbuba alipofungua mlango wa uani, nyumbani kwake Bawshar, akaukuta mkilua wake, ule mti wa maua ya kunukia, umechanua tawi kwa tawi, alisimama na ndoo mkononi asijue afurahi au afanyeje. Mche wake uliletwa kutoka Unguja miaka mingi nyuma, na ulikuwa haujapata kutoa hata ua moja.

Akaupiga picha, akaituma kwenye kundi la simu la akina mama wenye bustani, ambako kila Ijumaa huonyeshana kilichochanua majumbani kwao. Haukupita muda shoga yake Jawaher, wa Khuwair ya Kusini, akampigia.

"Mahbuba, picha hii ya lini?"

"Ya leo, shoga. Hata majimaji hayajakauka juu ya majani."

"Majimaji ya wapi na joto hili? Mimi wangu umekauka mpaka shina, na nimeuwekea kivuli!"

"Basi wako haupendwi," alisema Bi Mahbuba, akacheka.

Jawaher akaitazama tena ile picha. Hakuwa amemsikia akicheka tangu Loay afe.

Loay alikuwa mwana wa pekee wa kiume wa Bi Mahbuba. Siku moja ya mvua alijaribu kuvuka wadi, bonde la mto mkavu, kwa gari, maji yakashuka kutoka milimani kwa ghafla yakamchukua. Tangu hapo Bi Mahbuba, mwalimu mstaafu aliyekuwa hakauki maneno, akahamia uani. Kila magharibi, saa ambayo wazee wetu hukataza kukaa penye maua ya harufu, yeye alikuwa akiketi katikati ya vyungu, akimwita mwanawe kwa jina na kumsimulia khabari za mchana. Mumewe, Bwana Hamdan, alikuwa akimsikia kutoka sebuleni, akimwachia. Aliona ni kheri alie na maua kuliko asilie kabisa.

Baada ya mkilua, maua mengine yakafuatia. Mlangilangi ukachanua, kisha asumini, kisha ule mwaridi wa mlimani usiostahamili joto la pwani. Akina mama kundini wakamsifu, wakataka kujua anatia mbolea gani. Bwana Hamdan ndiye aliyeona kwamba maua yote yameligeuzia jua mgongo na kuelekea dirisha la chumba cha marehemu. Akatia kidole ndani ya chungu kimoja. Udongo ulikuwa rojorojo.

"Mama Loay, umemwagilia saa hizi?"

"Mimi? Nna siku nyingi simwagilii."

Alipokileta kidole puani, alikiondoa upesi. Chini ya manukato ya kilua palikuwa na harufu nyengine, ya tope la kijivu lililokaa na kuoza, na harufu ile aliijua, kwa sababu yeye ndiye aliyeitwa chumba cha maiti kumtambua mwanawe, na alipofunuliwa shuka ndiyo iliyompiga usoni, na hakumwambia mkewe wala mtu yeyote.

Binti yao Balqees, aliyekuwa akikaa Madinat Sultan Qaboos na kufanya kazi benki, alikuja siku ya pili kula chakula cha mchana. Jua lilikuwa kali mpaka ua ulimeremeta. Akamsikia mama yake akizungumza huko nje, akinyamaza kama anayejibiwa, kisha akizungumza tena. Akatoka.

"Mama, unasema na nani?"

"Na ndugu yako."

"Mama, Loay amekufa."

"Taratibu!" Bi Mahbuba akamnong'oneza, kidole mdomoni. "Hapendi kulisikia neno hilo."

Hapo, kutoka nyuma ya mkilua, mahali pasipokuwa na kitu isipokuwa ukuta uliochomwa na jua, Balqees akasikia maji yakibubujika kwa mbali, kama mtu anayesukutua kinywa, kisha mwanamume akakohoa kikohozi kile kile kifupi ambacho Loay alikuwa nacho tangu utotoni, na mama yake akageuka kwa furaha, uso umechangamka, akasema, "Umemsikia? Anakusalimia."

Balqees alikimbilia ndani akamshika baba yake mkono.

"Baba, tafuta mtu. Leo hii."

Mtu mwenyewe alikuwa Sheikh Amur, mzee wa visomo, aliyezaliwa Tabora na kulelewa Oman. Alifika baada ya sala ya alasiri na kusimama uani bila viatu. Alisoma Ayatul Kursiy huku akipita chungu kwa chungu, na kila alipopita maua yalidondoka. Alipoufikia mkilua, sauti ikatoka, changa, ya kuchoka.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Loay. Bwana Hamdan akamsogelea mkewe, aliyekuwa amesimama kando.

"Msiijibu," alisema Sheikh Amur. "Bibi, nisikilize. Maiti yuko barzakh mpaka Kiyama, hatoki. Huyu ni jini. Alipita magharibi akasikia mtu anaitwa na haitiki, akaitika yeye. Kisomo changu kitamtoa, lakini wewe ndiye uliyemkaribisha. Sema kwa kinywa chako: Huyu si mwanangu, na atoke."

Bi Mahbuba aliukazia macho mkilua. Mumewe akamshika bega. "Sema, Mama Loay. Nnakuomba."

"Huyu si..." akaanza.

"Mama," sauti ikasema, na maji yakasikika nyuma yake, mengi, yakija kwa kishindo kutoka mahali pa juu, "mama, mlango wa gari haufunguki, maji yamenifika kifuani, mama usiniwache, yamenifika shingoni, mama, mama..."

"Usisikilize!" Sheikh Amur alipaza kisomo.

Lakini yule mama alikwisha kupiga magoti, ameukumbatia mkilua kwa mikono miwili, vijiti vikimchana, akilia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Njoo, mwanangu! Njoo, nipo! Siendi popote!"

Na maua yote yaliyodondoka yakachanua upya kwa pamoja.

Sheikh Amur akavaa viatu vyake. Mlangoni alimwambia Bwana Hamdan kwa sauti ya chini, "Nimewatoa wengi. Lakini mgeni aliyeshikwa mkono na mwenye nyumba, simuwezi. Muombeeni."

Jioni ile ile Bi Mahbuba alimwambia mumewe aende kwa binti yao. "Loay anasema unataka kumfukuza," alisema, bila hasira. Kisha akafunga mlango wa uani kwa ndani.

Bwana Hamdan alikuwa akienda kila mchana na chakula, akikiweka mlangoni. Mkewe alimjibu kwa maneno machache, kisha kwa neno moja, kisha kwa kikohozi. Picha za maua ziliendelea kufika kundini, na akina mama waliendelea kuandika mashaallah, isipokuwa Jawaher, aliyekuwa akizitazama na kulia. Siku picha zilipokatika, Bwana Hamdan na majirani walivunja mlango. Walimkuta ameketi kitini, nguo kavu, sakafu kavu, na kidevuni mstari mwembamba wa tope. Daktari alisema mapafu yake yamejaa maji.

Matanga yalipoisha, Bwana Hamdan alichukua shoka. "Nnakwenda kuing'oa bustani ile yote," alimwambia Balqees. "Nyumba tutaiuza."

Balqees alimpeleka mwenyewe. Hakuweza kuingia, akabaki ndani ya gari mbele ya geti, kiyoyozi kinavuma. Alisikia chungu cha kwanza kikivunjika, kisha cha pili. Kisha kimya. Akangoja. Kimya kikazidi, na dirisha la gari lilikuwa limefungwa lakini harufu ya kilua ikaanza kuingia, polepole, na ndani yake ubani ambao mama yake alikuwa akifukizia nguo zake. Akampigia baba yake simu.

"Baba, umemaliza? Toka, twende."

Bwana Hamdan alipojibu, sauti yake ilikuwa laini, kama ya mtu anayeogopa kumkatiza mwenziwe.

"Nyamaza kidogo, mwanangu," alisema. "Mama yako anazungumza."