Vibao vya Hapana Mjini Lindvik

Kila siku baada ya shule, Signe Halvorsen alirudi nyumbani kwa miguu kupitia Mtaa wa Misonobari, begi mgongoni na fimbo ya hoki begani. Vuli hiyo karibu kila nyumba ilikuwa na kibao mbele yake. Vingine viliandikwa NDIYO, vingine HAPANA, na majirani waliozoea kuazimana koleo za theluji sasa walisalimiana kwa shingo upande.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya katiba ya mji. Halmashauri ilitaka kuuza uwanja wa barafu, ambako Signe alijifunza kuteleza kabla hajajua kusoma. Baba yake, Anders, akazunguka na wenzake kukusanya saini, mpaka swali likapelekwa kwenye kura ya Novemba: je, katiba ibadilishwe, ardhi ya umma isiuzwe mpaka wakazi wenyewe wakubali? Ndiyo ikishinda, uwanja umepona. Hapana ikishinda, ndiyo basi tena.

Signe hakuwa na umri wa kupiga kura, lakini mikono alikuwa nayo. Jioni moja aling'oa kibao cha Hapana mbele ya nyumba ya Bibi Petrowski. Kesho yake akang'oa vingine, akavificha kwenye banda la gari. Wala hakujiona mwizi, alijiona shujaa.

Jumamosi wakiwa mezani, kengele ya mlango ililia. Alikuwa Bibi Petrowski, mwalimu mstaafu, uso umemkunjamana.

"Anders, watu wako wameniibia kibao."

"Watu wangu nawajua, Bibi. Hawana tabia hiyo."

"Mtaa mzima umekombwa. Jirani yetu Gus alikuwa upande wenu, sasa anasema atapiga Hapana kwa hasira. Na si yeye peke yake."

"Akipatikana aliyefanya hivyo, mimi mwenyewe nitamtaja hadharani. Naapa mbele ya mwanangu huyu."

Kijiko kilimponyoka Signe. Alidhani anaokoa uwanja, kumbe alikuwa akiuzika.

"Ni mimi, Baba," alisema. "Viko bandani."

Anders alipigwa na butwaa. Hakufoka, heri angefoka. Alikaa kitini taratibu kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Nimetembea kwenye mvua nikiwaambia watu waamue wenyewe," alisema hatimaye. "Kumbe humu ndani yuko anayetaka kuwaamulia."

Bibi Petrowski alimtazama Signe kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mimi nilijua nimekuja kugombana na jitu zima," alisema.

Alasiri ileile Signe alipita nyumba kwa nyumba akirudisha vibao na kuomba radhi. Baba alimfuata nyuma, bila kumsaidia kubeba wala kumsemea. Walifika hata kwa Gus, naye alimsikiliza huku akikuna ndevu.

"Baba yako ndiye kakutuma?"

"Ndiyo. Kasema niseme kwa mdomo wangu."

"Haya. Nitafikiria upya."

Kwa Bibi Petrowski ardhi ilikuwa imeanza kuganda. Signe aligonga kibao kwa nyundo mpaka viganja vikamuuma.

"Kimepinda," alisema Bibi. "Kinyooshe." Akakinyoosha.

Novemba, Ndiyo ilishinda kwa kura chache. Watu walipokuwa wakishangilia ukumbini, Bibi Petrowski aliingia, na Signe akajibanza nyuma ya baba yake. Bibi alimpa Anders mkono.

"Mmenishinda. Sijafurahi, lakini katiba hiyo nitaiheshimu, maana nilisema yangu na watu wakasikia." Kisha akamgeukia Signe. "Ungevificha vile vibao mpaka leo, ningesema mmeshinda kwa wizi, na ningekuwa nasema kweli. Katiba ni ahadi yetu sote, mjukuu wangu. Haiandikwi kwa kumziba jirani mdomo."

Signe akatoka nyuma ya baba yake. Alinyoosha mkono wake, na Bibi Petrowski akaupokea.