Mwanamke Aliyekataa Picha

Jumatatu asubuhi Bibi Atupokile alibeba uji kumpelekea mpangaji wake wa chumba cha uani, akakuta mlango uko wazi na ukungu umejaa ndani. Neema alikuwa sakafuni, shingoni ana alama za vidole. Mwili ulikuwa umeshapoa.

Sajenti Lilian wa upelelezi alifika Mpuguso saa mbili, viatu vimejaa tope. Alianza na mlango. Komeo la ndani lilikuwa zima, halikuguswa na nondo wala panga. Marehemu alifungua kwa mkono wake mwenyewe.

"Bibi, jana jioni ulisikia nini?"

"Mvua, mwanangu. Ilikuwa inapiga bati kweli kweli. Halafu nikasikia mwanaume anabisha, 'Mama Daudi, nifungulie.' Nikasema huyu kapotea nyumba. Hapa hakuna Mama Daudi. Neema hakuwa na mtoto."

"Alikuwa mtu wa wapi?"

"Alikuja msimu uliopita kuchuma chai. Kwao hakupataja. Nilimuuliza mara moja, akalia, sikurudia tena." Bibi alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ee Kyala, Mungu wangu! Tunatenganishwa na ukuta tu. Nimekunywa chai yangu huku mwenzangu anakufa."

Majirani walikuwa na majina tayari. Wengine walimtaja Meshaki, msimamizi wa wachumaji, aliyekuwa akimtaka Neema kwa muda mrefu. Lakini Meshaki alikuwa Igogwe, hospitalini, akimuuguza mkewe usiku kucha, na manesi walithibitisha. Akabaki Abeli, mpiga picha. Jumamosi, kwenye tamasha la ngoma, Neema aligombana naye mbele za watu hadi akataka kumnyang'anya kamera.

Abeli alikuwa na studio ndogo mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini. Harusi na kipaimara vilimpa ugali, lakini alichopenda ni kuwapiga picha watu wa barabarani: wauza ndizi, mafundi viatu, wacheza ngoma miguu ikiwa hewani. Lilian alimkuta studioni. Habari zilishamfikia.

"Mligombania nini?"

"Nilimpiga picha akicheka, afande. Alikuwa anatazama ngoma, amejisahau kabisa. Sikupata picha nzuri kama ile siku nzima. Aliponiona akanirukia: 'Futa! Futa mbele yangu!' Nikafuta. Akanitaka niape kwamba sitamtoa popote. Nikaapa."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwaya, kanisani. Muulize mwalimu wetu, Lazaro."

Lazaro alipopigiwa simu alisema Abeli aliimba mpaka saa tatu, kisha mvua ikawazuia wote humo humo kanisani.

Lilian hakuondoka. Mwanamke anayepigania picha yake ifutwe, aliwaza, kuna mtu anamkimbia.

"Picha za Jumamosi umeziweka wapi?"

"Fesibuku, kwenye ukurasa wangu. Lakini yake haimo, nakuapia."

Walizipitia moja moja. Kwenye picha ya mpiga ngoma aliyelowa jasho, Lilian alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Nyuma ya bega la mpiga ngoma, kati ya watazamaji, kulikuwa na mwanamke mwenye kilemba cha njano. Alikuwa anacheka.

"Na huyu nani?"

Abeli aliinama, akamtambua Neema. Alikaa taratibu kwenye kiti cha wateja.

Chini ya picha, mtu anayejiita Baba Daudi alikuwa ameuliza: "Ngoma nzuri. Hapo ni wapi?" Naye Abeli alimjibu kwa moyo mkunjufu: "Mpuguso, Tukuyu. Karibu sana mgeni."

Namba ya simu ya mwenye akaunti iliwafikisha polisi Makambako. Jumatano akaletwa Wilson, fundi magari. Alikana kukanyaga Mpuguso maishani mwake. Lilian akamwekea mezani ile picha na swali lililo chini yake.

"Swali hili ni lako. Jibu ulilipata Jumamosi. Jumapili jioni simu yako ilinaswa na mnara wa Mpuguso. Na yupo aliyekusikia mlangoni ukiita Mama Daudi, jina ambalo kule hakuna anayelijua."

Wilson aliitazama mikono yake.

"Haitwi Neema. Ni Tulia, mke wangu," alisema. "Mtoto wetu alifia mgongoni kwake, njiani kwenda hospitali. Nilimwambia ameniulia Daudi. Nilimpiga, ndiyo. Matanga hayajaanuliwa, akatoroka. Halafu namwona kwenye ngoma anacheka. Anacheka!"

"Alikuogopa mpaka akaogopa picha. Alikufunguliaje?"

"Nilimwambia nimemletea picha ya Daudi. Alijua picha zote za nyumbani nilizichoma. Nikamwambia moja ilibaki."

"Ilibaki?"

"Hapana."

Lilian alifunga jalada. Kesi ilikuwa imekamilika, lakini alijihisi kama mtu aliyefika msibani baada ya maziko.

Ijumaa mama yake Tulia, Veronika, alikuja kuchukua mwili. Kabla ya safari aliomba apelekwe kwa mpiga picha. Lilian alimsindikiza, akasimama mlangoni.

"Sikuja kukulaumu, mwanangu," mama alimwambia Abeli. "Nataka picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Hatuna hata moja."

Abeli akafungua kompyuta. Alimkata Tulia kutoka nyuma ya bega la mpiga ngoma, akamkuza, uso ukavunjika ukawa madoa. Akapunguza, akaongeza mwanga, akakuza tena. Lilionekana jicho moja, na meno.

"Kwenye ile nyingine alionekana vizuri, mama," alisema. "Nilifuta kama alivyotaka. Ningefanyaje?"



Veronika aliinama, akayatazama yale madoa kwenye kioo.

"Basi nichapie hiyo hiyo," alisema.