Vigelegele Mbele ya Moto

Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Kwa Elieth mambo yalikuwa kichwa chini miguu juu: macho yake yalikuwa mazima, makali kama ya mwewe, ila moyo ndio uliokuwa umekufa.

Kila asubuhi, kabla jua la Kongwa halijaanza kuchoma, aliinama mlangoni akanawa uso kwa maji ya kikombe. Maji yalikuwa ya shida, lakini mama mkubwa wake, Anastazia, hakukubali mtoto atoke nyumbani na matongotongo. Yeye mwenyewe alipofushwa na ugonjwa wa vikope. Kope zake ziligeukia ndani zikakwangua mboni mwaka hadi mwaka, mpaka mwanga ukazima.

"Umenawa?"

"Nimenawa, mama mkubwa."

"Hebu lete huo uso."

Anastazia alipitisha vidole kwenye kope za mtoto, puani, mashavuni. Elieth alisimama tu. Vidole vile vilimgusa kama vinavyogusa ukuta wa nyumba ya jirani.

Alikuwa hivyo tangu mama yake mzazi alipofariki, kabla ya mavuno. Makaburini hakutoa chozi, na watu wakamsifu kwamba ni jasiri. Haukuwa ujasiri. Alikuwa kama mguu uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, lakini ukiukanyaga husikii kitu. Alikula alipoambiwa ale, alijibu alipoulizwa, na darasani alinakili kila kilichoandikwa ubaoni.

Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kila mwenye ndugu Dar es Salaam alileta kitu cha kushangaza watu. Ludovick, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, alileta televisheni, deki ya video na jenereta. Alijenga banda la mabati nyuma ya soko akaanza kuonyesha mikanda kila Jumamosi mchana. Mikanda mingi ilikuwa ya Kihindi. Kihindi hakuna aliyekijua, hivyo wenye macho waliambulia picha na nyimbo, na wasioona waliambulia nyimbo na mngurumo wa jenereta.

"Nipeleke," Anastazia alimwambia Elieth siku moja. "Watu wanatoka pale wanalia, wengine wanacheka wiki nzima. Na mimi nataka kulia. Utaniambia kilichopo."

Wakakaa benchi la nyuma, Elieth akanong'ona: "Mwanamume anaingia. Mrefu. Shati limelowa. Anamtazama msichana. Amemsikitikia."

"Acha," Anastazia alimkatiza. "Usiniambie amesikitika. Niambie uso umefanya nini, masikitiko nitayaweka mwenyewe."

Ikawa ndiyo kanuni yao. Elieth alisema alichokiona, hakuongeza wala hakupunguza. Ule ubaridi wake ulimsaidia: hakupiga kelele steringi, shujaa wa mkanda, alipopigwa, wala hakusahau kusema kwa sababu ya kucheka. Habari zikaenea. Mzee Bartolomayo, msuka mikeka asiyeona tangu ujana, akaja na fimbo yake. Akaja pia Lydia, msichana wa rika la Elieth, ambaye aliona mwanga na vivuli tu.

"Jirani yangu akinisimulia sinema," Mzee Bartolomayo alisema, "kazi yake ni kupiga mguno. 'Aisee! Lo, umeona hiyo?' Nimeona nini, mimi? Huyu mtoto anasema. Adui kavaa kofia, anasema kavaa kofia."

"Na wewe, babu, kila mwenye kofia unamwita adui," Lydia alimtania.

"Bado sijakosea."

Jumamosi moja Ludovick aliweka mkanda mpya. Ulimhusu mama aliyeuza maua stesheni, na binti yake mdogo. Elieth alieleza maua, treni, mvua. Halafu mama yule akaugua, na picha ikahamia hospitalini.

Kitanda cha chuma. Shuka jeupe. Binti ameshika mkono wa mama yake.

"Anafanya nini?" Anastazia alinong'ona.

Elieth aliutazama mkono. Vidole vya mama vililegea kimoja kimoja, kisha mkono ukaanguka pembeni ya kitanda ukabaki unaning'inia. Aliufahamu mkono ule. Alikwisha kuuona, si kwenye televisheni.

"Amefumbua macho," alisema. "Ameinuka. Anacheka."

"Mungu mkubwa," Anastazia alisema.

Muziki ukashuka, ukawa mzito. Bandani kwikwi zikaanza huku na huku. Kwenye kioo watu waliovaa nguo nyeupe walibeba mwili mabegani, wakaulaza juu ya kuni, kwa maana ndiyo desturi ya kwao. Moto ukawashwa.

"Mbona mwanga mkubwa hivyo?" Lydia aliuliza. "Ni nini kinawaka?"

Uongo ukishazaa, hulea watoto wake. "Ni moto wa sherehe," Elieth alijibu. "Mama amerudi nyumbani. Wanawapikia wageni."

"Na hao wanaolia?"

"Wanalia kwa furaha."

Anastazia alikuwa Mgogo wa damu, na kwa desturi yake mgonjwa aliyerudi nyumbani hapokewi kwa kukaa kimya. Akainuka, akarusha mkono juu, akapiga vigelegele. Vilikuwa virefu na vikali, vikayapita mabati. Mzee Bartolomayo akapiga makofi na kugonga fimbo chini.

Vichwa vyote viligeuka.

"Nyie vipi?" Alikuwa Respicius, karani wa halmashauri, mtu wa suruali ya kunyooshwa. "Mama wa watu anachomwa moto, nyie mnapiga vigelegele? Mnashangilia maiti?"

Mmoja akacheka. Kicheko kikasambaa kama kiberiti kwenye nyasi kavu. Anastazia alibaki amesimama, mkono wake ungali juu.

"Elieth," alisema taratibu. "Nani amekufa?"

Anastazia aliushusha mkono, akatafuta fimbo yake, akatoka peke yake. Alijigonga kwenye mlango, na mara hiyo hakuna aliyecheka.

Elieth alimkuta nyumbani ameketi juu ya kinu kilicholazwa uani.

"Naomba unisamehe, mama mkubwa."

"Msamaha nimekupa. Ila sikiliza. Mdogo wangu alipougua, mama yako, nilikuwa kwa wakwe zangu. Kila aliyekuja niliuliza, nikajibiwa anaendelea vizuri. 'Huyu haoni, tusimtie presha.' Nilipofika, kaburi lilikwisha fukiwa. Nilipapasa udongo, Elieth. Mdogo wangu nilimpapasia kwenye udongo. Walinionea huruma, kama ulivyonionea wewe leo."

"Sikukuonea huruma," Elieth alisema. "Nilishindwa kusema."

"Basi sema sasa. Nirudishie kile kitanda."

Elieth alikaa chini, mgongo kwenye kinu. Alianza kwa sauti ileile ya bandani. Kitanda cha chuma. Shuka jeupe. Binti ameshika mkono. Vidole vinalegea. Mkono unaning'inia. Alipofika hapo hakusimama.

"Shuka lilikuwa la bluu," alisema. "Lile ulilomtumia. Alikuwa amegeukia dirishani. Midomo ilikuwa imepasuka, nesi akaipaka mafuta. Alinishika kidole gumba, sijui kwa nini hakushika mkono. Kisha akaniachia. Nikadhani amelala, nikakaa. Nzi alitua kwenye shavu lake na hakumfukuza. Ndipo nikajua."

Anastazia alilia bila sauti, machozi yakitoka kwenye macho yale yaliyokwanguliwa. Elieth hakulia. Lakini kidole gumba kilimuuma, maumivu madogo ya kweli, na akakishika kwa mkono wa pili asiyapoteze.

"Uso ulikuwaje?" Anastazia aliuliza.

"Ulikuwa umetulia. Siongezi."

"Najua." Akampapasa kichwani. "Mwanangu, asiyeona akikupa sikio lake amekupa macho yake pia. Ukimdanganya, hata kwa huruma, umempofusha mara ya pili. Ukweli unaumiza, lakini mtu huumia akijua alipo. Uongo humwacha amesimama katikati ya watu, mkono juu, hajui anashangilia nini."

Jumamosi iliyofuata walirudi. Kabla mkanda haujawekwa, Elieth aliwaeleza Lydia na Mzee Bartolomayo kilichotokea kweli, kuanzia kitandani hadi kwenye moto, akawaomba msamaha.

"Mimi nilishangaa sherehe gani haina hata ngoma," mzee alisema. "Haya, yameisha. Leo adui yuko wapi?"

Respicius alikuwa amekwisha kumfuata Ludovick mlangoni. "Bwana, hawa ama waondoke, ama huyu binti awaombe radhi watu. Tumekuja kutazama sinema, sio kusikia mtoto anatangaza kama redio. Na ule msiba walituharibia."

Ludovick alikuna kidevu. Hakupenda kugombana na watu wa ofisi. "Elieth," alisema, "sema samahani tu, mama. Neno moja, halafu ukae. Benchi ni lenu."

Elieth alisimama. Banda zima lilimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mama yake alisikia joto la kutazamwa likipanda shingoni.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Respicius.

"Marahaba. Haya, tunasubiri."

"Niliwadanganya watu watatu, na hao watatu nimeshawaomba msamaha. Nyinyi mliona kila kitu kwa macho yenu, na mama mkubwa wangu alipoaibika mkacheka. Nitaendelea kusema ninachokiona, nitasema polepole, na nitasema chote."

"Sijasikia radhi hapo," Respicius alisema.

"Hutaisikia," Elieth alijibu. "Kwako siombi."