Imebaki Vifungo Tu

Mafundi cherehani, Mungu awasamehe, wana uongo wao mmoja ambao hakuna mteja asiyeujua: njoo kesho, imebaki vifungo tu. Fundi wetu huyu, mama wa mtoto mmoja, alikuwa bingwa wa uongo huo. Kitambaa hata mkasi hakijauona, naye anakukazia macho na kukuambia imebaki vifungo. Viporo vyake, kazi za wateja alizoziacha njiani, vilikuwa vimejaa magunia mawili chini ya meza ya kukatia.

Mwaka huo binti yake wa pekee alikuwa anakwenda shule ya bweni. Walimwita Nukta, maana alizaliwa mdogo mno, nguo yake ya kwanza ilitoka kwenye mfuko wa suruali ya baba yake. Fundi akaapa kwamba mwanawe hatavaa hata nguo moja ya dukani. Akafungua daftari lake la vipimo, akapanga: magauni matatu, sketi mbili, blauzi mbili na koti. Vitambaa vingetoka kwenye viporo.

Chini kabisa ya gunia la pili akakuta gauni la kijani. Alilikumbuka palepale, kwa sababu mwenye gauni hakuwa wa kusahaulika: mwanamke mrefu, amejifunika mpaka puani, na mikono mirefu hiyo!

"Mkono themanini na tatu, dada! Wewe unafagia dari bila ngazi?" fundi alimtania siku ile alipompima.

Mwanamke hakucheka. Alirudi mara tano, na mara tano akaambiwa njoo kesho, imebaki vifungo tu. Halafu hakuonekana tena. Ilikuwa imepita miaka minane.

Sasa, gauni lile fundi alikuwa ameliacha na bandi tu, zile shono ndefu za kushikizia. Lakini alipolikunjua, pindo lote lilikuwa limeshonwa kwa mkono, shono ndogo na safi kuliko zake. Tena lilinuka udongo mbichi, kama limetolewa kisimani.

"Labda nilishona nikasahau," akajisemea, akamwita binti.

Akampima palepale. Ukurasa wa yule mwanamke daftarini ulikuwa na nafasi pembeni, fundi hakuona haja ya kuanza mpya, akaandika vipimo vya mwanawe ubavuni mwa vile vya zamani. Mkono: hamsini na mbili.

Kesho yake Nukta aliamka akisugua mabega. "Mama, yananiuma. Kama mtu ananivuta."

Fundi akampima. Hamsini na saba.

"Jana nilipima vibaya," alisema, ingawa katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kukosea hata nusu sentimita.

Siku ya tatu ilikuwa sitini na sita. Adhuhuri hiyo, fundi akiwa jikoni anaosha vyombo, alisikia cherehani yake ikienda, kwanza polepole kama mtu anayejaribu uzi, kisha kwa kasi, kanyagio likigonga sakafu, na ile harufu ya udongo ikaja mpaka jikoni, naye akatembea kuelekea chumba cha kazi huku akimwita Nukta, akiomba mwanawe aitike kutoka humo, na Nukta akaitika, lakini nyuma yake, kutoka uani. Chumbani hapakuwa na mtu. Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka.

Alimfunga mtoto kanga mabegani, wakaenda mbio kwa Bi Miwani, bibi aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leta daftari." Bi Miwani alisoma ukurasa, akamtazama Nukta, mikono yake ikining'inia karibu na magoti. Akashusha sauti. "Umeandika miili miwili ukurasa mmoja? Nilikukataza tangu siku ya kwanza!"

"Nilisahau, Bibi."

"Na huyu mwenye gauni, ulimwambia njoo kesho mara ngapi?"

"Tano."

"Salala! Huyo si mtu, mwanangu. Hao hawasahau ahadi. Umemwahidi nguo hukumpa, sasa umemwandikia na mwili wa mwanao wa kuivaa nguo yake." Bi Miwani akamshika fundi mkono. "Limalize gauni leo, kabla jua halijazama, kwa vipimo vyake. Litundike mlangoni, useme: nguo yako tayari. Ukishasema kweli, chana ukurasa katikati, nusu ya huyo mwanamke uichome. Lakini iwe kweli. Unanisikia?"

Fundi alishona alasiri yote kama ambavyo hajawahi kushona. Nukta alilala chumba cha pili akilalamika usingizini. Nyuma ya kiti chake fundi alihisi mtu amesimama, na kila alipokata uzi alisikia pumzi ikivutwa, lakini hakugeuka, aliunga mikono, akatia bitana, akapiga kola, akaanza vifungo. Vilikuwa tisa. Alipokaza cha nane, jua lilikuwa limebaki wekundu tu juu ya ukuta wa jirani, na uzi wa kijani ukaisha.

Angeweza kutumia mweusi. Lakini sindano haikutungika, na kifungo cha tisa kilikuwa cha shingoni, chini ya kola, nani angekiona? Akaweka pini. Akatundika gauni mlangoni.

"Nguo yako tayari," alisema.

Upepo ukapita, harufu ikakatika. Fundi akachana ukurasa, akachoma nusu ya yule mwanamke, na ulipobaki majivu akainua macho. Gauni halikuwepo. Alilia kwa furaha! Akakimbilia chumba cha pili.

Nukta alikuwa ameketi kitandani, amempa mgongo. Alikuwa amevaa gauni la kijani. Mikono ya gauni ilimfika kwenye vifundo vya mikono barabara, na mabega hayakuhitaji kupunguzwa popote.

"Nukta? Mwanangu, vua hiyo."

Hakugeuka. Mkono ule mrefu ulipanda taratibu mpaka shingoni, ukapapasa chini ya kola, ukachomoa pini, ukaiweka kitandani.

Fundi akapiga magoti. "Nirudishie mwanangu. Nakuomba, dada, nirudishie mwanangu."

Sauti ilikuwa ya Nukta, tena ya upole, kama ya fundi akiongea na mteja.

"Njoo kesho," ilisema. "Imebaki kifungo tu."