Bi Kazija na Bima Iliyokataa Kulipa

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, Bi Kazija wa mtaa wa Amani, Unguja, huwasha jiko lake la umeme na kuoka keki za harusi. Keki hizo ndizo zinazomsomesha binti yake, Muzdalifa, chuoni Tunguu.

Asubuhi moja hitilafu ya umeme ilizusha moto. Zimamoto waliuzima, lakini jiko na friji vilikuwa vimeshaungua. Majirani wakaja mbio, maana watu wa mtaa ule hawangoji kuitwa. Wanawake walifagia majivu na kusugua sakafu. Wanaume waliondoa vyombo vilivyoungua, kisha wakapaka kuta chokaa. Alasiri wageni wa kutoa pole walikaa ndani ya chumba cheupe kinachonukia udi. Nani angewalaumu majirani?

Bi Kazija alikuwa na bima ya biashara, na jioni ile akaiarifu kampuni. Mkaguzi wa kampuni alikuja kesho yake, akatazama chokaa, akaondoka. Baadaye ikaja barua. Madai yamekataliwa, kwa sababu hapakuonekana dalili ya moto wala kitu kilichoungua.

Bi Kazija alilia.

"Mama, nnakwenda kuomba kuahirisha masomo," Muzdalifa alisema. "Ntakusaidia kuuza maandazi."

Maneno hayo yalimuumiza mama kuliko barua yenyewe.

Jirani yao, Bi Riyama, alikuwa amestaafu kazi ya bima. Alipopata habari hakukaa, akaenda kwao.

"Shikamoo, Bi Riyama," Muzdalifa alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nipe hiyo barua. Na wewe Kazija, futa machozi. Hata ukiilowesha, haisomeki vyengine."

Alisoma polepole. "Hawakusema wewe mwongo. Wamesema hawakuona moto. Basi tuwaoneshe."

"Tuwaoneshe nini, dada? Nshasafisha kila kitu. Tena naona haya kugombana na watu."

"Ugomvi uko wapi? Unadai haki yako kwa adabu. Kosa lenu ni kusafisha kabla ya mkaguzi kuja. Siku nyengine piga picha, iarifu kampuni, na usiguse kitu mpaka wakague. Hilo tutalikiri. Lakini zimamoto si walikuja?"

"Walikuja."

"Basi kaombe ripoti yao. Na picha, nani anazo?"

Muzdalifa aliruka. "Shangazi Nassra, yuko Maskati! Nlimtumia video moshi bado unatoka!"

"Haya. Na jiko lilitupwa wapi?"

Wakamwita Shaame, jirani aliyelibeba. Alijikuna kichwa.

"Sikulitupa, Bi Riyama. Lipo nyuma ya nyumba yangu. Nlitaka kuliuza chuma chakavu."

"Leo tamaa yako imetufaa," Bi Riyama alisema, na hata Bi Kazija akacheka.

Bi Kazija alipata ripoti ya zimamoto, na sheha, kiongozi wa mtaa, akamwandikia barua ya kuthibitisha moto. Kisha wakaiandikia kampuni kuomba madai yaangaliwe upya. Waliweka namba ya bima, wakaeleza kwa nini walisafisha, wakaambatanisha ushahidi wote. Bi Riyama alisisitiza wasichelewe, na nakala yao igongwe muhuri wa kupokelewa.

"Na wakikataa tena?" aliuliza Bi Kazija.

"Yupo msuluhishi wa migogoro ya bima. Tutakwenda kwake. Kukataliwa mara moja siyo mwisho."

Hawakufika huko. Mkaguzi alirudi, akaliona jiko nyuma ya nyumba ya Shaame, akaitazama video. Kampuni ikakubali kulipa. Bi Kazija alimkumbatia Bi Riyama.

Siku jiko jipya lilipoletwa, Muzdalifa alikunja mikono ya nguo ili asaidie kuoka. Mama yake akampokonya mwiko.

"Hebu toka jikoni kwangu! Wenzako wapo darasani Tunguu, wewe unafanya nini hapa?"

Muzdalifa alitoka huku analia na kucheka.