Diode Aliyonitumia Damien

“Funga diode kama nilivyochora,” Damien aliniandikia. “Kama foni haisemi, usiiguse tena. Nitakuja mwezi wa tisa kuitengeneza mimi mwenyewe. Musiipeleke Goma, wataharibu kabisa.”

Nilisoma nikacheka peke yangu mbele ya Jean-Bosco, dereva wa kamiyo ya parokia, aliyeniletea ile barua kutoka Omate pamoja na diode yenyewe ndani ya kibiriti. Nilikuwa mjinga wa mapenzi, nasema wazi.

Mimi Vestine ndiye niliyeshika foni ya misheni ya Masisi mwaka ule wa 1968, na pia niliandika vitabu vya ubatizo vya Padri Théophile. Foni ni redio ya kusema na kusikia, inakula batri ya gari. Kila siku saa nne za asubuhi vituo vyote vya Masisi na Walikale vilifungua kwa pamoja, na aliyesema alisikiwa na wote, akimaliza kwa “À toi”, yaani zamu yako. Kwa hiyo watu waliacha kulima maharage, wakaja kukaa kwenye benchi chini ya dirisha langu kungoja habari za ndugu zao. Siku tuliyosikia ya kwetu tulifurahi, siku tuliyosikia ya wengine tulifurahi zaidi.

Basi foni ilikuwa imekufa wiki tatu. Diode yake iliungua, nikamwandikia Damien.

Damien alikuwa mchumba wangu. Ndugu zake walikuwa wamekuja na pombe kwa baba yangu Hakorimana, na kwa ajili yake baba alikuwa amewarudisha wanaume wawili waliokuja kuniposa. Ndoa ilikuwa mwezi wa tisa. Alimaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kule Kinshasa, akaja kufanya staji, mazoezi ya kazi, kwenye mgodi wa Omate. Alipopita kwetu aliniachia daftari lake la kozi ya elektroniki, akaniambia nisome ili nielewe kazi ya bwana wangu. Nilisoma mpaka kurasa zikalegea. Nadhani nilisoma kuliko yeye.

Diode ni kitu kidogo kama punje ya mahindi, chenye mstari mweupe upande mmoja. Umeme unaingia upande usio na mstari na kutokea penye mstari. Kurudi haurudi. Unaifunga kwenye waya wa batri, ili mtu akigeuza batri kwa makosa redio isiungue. Somo la pili la daftari, ukurasa wa sita.

Nilifunga kama barua ilivyosema. Kimya. Ningeiacha hivyo, maana Damien alisema niache. Lakini nje kwenye benchi alikuwa Mama Drocella, mama yake Damien. Wiki tatu zote hakukosa siku hata moja, akichambua maharage yake huku akingoja sauti ya mwanawe.

“Bado, mutoto wangu?” aliniuliza.

“Bado, Mama.”

Akaanza kukusanya maharage yake. Nikaona huruma, nikafungua daftari. Kwenye daftari mstari ulitazama redio. Kwenye barua ulitazama batri.

Nilichukua jiwe la torshi, yaani betri yake, na ampuli, kile kitaa chake, nikaipima diode. Upande mmoja ampuli iliwaka, upande wa pili giza: daftari lilisema kweli. Nikasema, maskini Damien, kazi ya mgodi imemchosha, amekosea. Nikapanga hata namna ya kumtania. Nikaigeuza diode, na taa ya foni ikawaka dakika chache kabla ya saa nne.

Nilimwita Mama Drocella asogee dirishani. Sauti ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya mwanawe, na alimwita baba yake mdogo aliyekaa Sake.

“Baba mudogo, niko nakuambia ndoa iko tarehe kumi na tano ya mwezi wa munane. Kuya na batu wawili tu. Wazazi ya Adelaïde njo wanatayarisha yote. À toi.”

“Na ule mwali wa Masisi? À toi.”

“Ule nitamuandikia kisha ndoa. Na Mama asijue kwanza, ataniletea makelele. Usiogope, foni ya Masisi haiwezi kusema. Mi mwenyewe njo najua. À toi.”

Kidole changu kilikuwa kwenye kibonyezo cha kusemea. Sikubonyeza.

Mama Drocella aliuliza polepole, “Adelaïde ni nani?”

Sikumjua. Baadaye nilisikia ni binti wa karani mkubwa wa mgodi, na kwamba yeye ndiye aliyeshika foni ya Omate.

Mwanaume kubadilisha moyo, hilo ungelia ukamaliza. Lililonila mimi lilikuwa moja tu: ule mchoro. Labda alikosea kweli, kisha akaona foni yetu imenyamaza akapata faida. Au alichukua kitu alichonifundisha mwenyewe akaniziba nacho masikio. Nilitaka kujua kabla ya kumchukia. Nikamwambia Mama Drocella tunyamaze wote wawili, maana Damien atakuja. Hakuna padri atakayemfungisha ndoa bila karatasi ya ubatizo, na alibatizwa hapa, na karatasi naiandika mimi.

Alikuja siku ya Alhamisi na viatu vyake vya Kinshasa. Foni nilikuwa nimeizima.

“Vestine, mupenzi. Ile foni bado haisemi?”

“Unaona.”

Alisikitika vizuri sana. Akasema pengine ni kitu kikubwa zaidi, tungoje mwezi wa tisa. Kisha akaomba karatasi ya ubatizo, eti wakubwa wa mgodi wanaihitaji.

“Nitaandika,” nilisema. “Kwanza nisaidie kidogo. Masera wa misheni ya Itebero, batri yao imefanya kama yetu. Wachoree namna ya kufunga diode.”

Damien alipenda kufundisha, nalo lilikuwa jambo nililompendea. Alichukua kalamu yangu, akachora bila kuinua mkono hata mara moja.

“Waambie mustari uangalie redio,” alisema. “Wakigeuza, umeme hautapita, foni itanyamaza bure.”

Nilitoa barua yake kwenye daftari, nikailaza karibu na mchoro mpya. Aliangalia karatasi moja, akaangalia ya pili.

“Vestine, ile siku nilikosea tu.”

“Haukukosea. Ulijua.”

Nikawasha foni. Taa ikawaka, na nje ya dirisha mama yake, aliyefika wakati Damien akichora, akasimama kutoka kwenye benchi.

“Damien,” alisema, “wiki tatu nilikuya hapa kila siku kukusikia. Juzi nikakusikia.”

Saa nne ilikuwa imefika. Sauti ya msichana ikaingia, laini, ya mtu mwenye furaha, ikiita Sake kutoka Omate. Nilibonyeza.

“Omate, hapa Masisi. Foni yetu imepona. Iko muntu hapa wa kuongea na weye. À toi.”

Nikamwekea Damien mikro, kile chombo cha kusemea, mkononi.

“Masisi, nani anasema?” aliuliza Adelaïde. “Sisikie kitu. À toi.”

Damien alisimama ameishika mikro. Adelaïde akaita tena, na tena. Damien akaiweka mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma asipite mbele ya benchi. Karatasi yake ya ubatizo hakuichukua, na daftari hakuliuliza.

Nilimjibu Adelaïde mwenyewe. Nilimwambia mimi ni nani na ndoa yangu na Damien ilipangwa lini, na vituo vyote vikasikia. Akasema asante.

Nililia baada ya kuzima. Mama Drocella aliingia, akakaa karibu nami, akauliza kama nimekula.